Saini ya Kitanda cha Tisa

Lifti ya hospitali iligoma Jumatatu saa mbili asubuhi, na kama kuna saa ambayo lifti haitakiwi kugoma, ni hiyo. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umefurika hadi mlangoni: wenye magongo, wenye watoto mgongoni, wenye makaratasi mkononi wasiojua wayapeleke dirisha gani, na mlinzi mmoja aliyekuwa akipiga kelele "Foleni! Foleni jamani!" bila hata mtu mmoja kumsikiliza. Mbele ya milango ya lifti vilipangwa viti vitano vya magurudumu. Katika kile cha kwanza alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, anatetemeka magoti.

Fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti, nusu ya mwili imezama kwenye kisanduku cha nyaya. Bwana mrefu, mabega mapana, ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, bisibisi mdomoni. Akageuka, akamwona mzee anavyotetemeka, akaitoa bisibisi na kusema kwa uchangamfu, "Usijali, mzee wangu! Dakika tano tu, unapaa!"

"Una uhakika ni tano?"

Sauti ilitoka nyuma ya kiti. Ilikuwa ya muuguzi mfupi, mweusi wa kung'aa, gauni jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vya raba vinavyolia nyii-nyii kila akihama mguu. Macho yake hayakuwa na utani hata kidogo.

"Aa, sista, namtuliza tu mzee."

"Sikuuliza kama unamtuliza. Nimeuliza kama ni tano."

Fundi akakuna kichwa. "Kusema kweli, sijui. Huenda nusu saa. Huenda na zaidi."

"Basi mwambie hivyo."

Akamwambia. Na mzee, badala ya kuchanganyikiwa, akashusha pumzi. "Ahsante, kijana. Tangu alfajiri kila mtu hapa ananipa dakika tano."

Muuguzi akavuta kiti cha plastiki kutoka ukutani, akakaa uso kwa uso na mgonjwa wake katikati ya zogo lile, kana kwamba ukumbi mzima ni wao wawili. "Mzee wangu, kinachokutisha ni nini hasa? Lifti, au huko juu unakopelekwa?" Kisha akanyamaza. Hakumjibia, hakutazama saa. "Huko juu," mzee akasema. "Mke wangu alipelekwa huko. Hakushuka." Muuguzi hakumrukia na pole za haraka haraka. Alisogeza kiti karibu, akasema, "Nieleze habari zake," na mzee akaeleza, na magoti yakaacha kutetemeka. Fundi naye alikuwa amesahau waya mkononi.

Lifti ilipona baada ya dakika arobaini. Kabla milango haijafungwa, Fundi akaikinga kwa mguu. "Sista, naomba namba yako."

"Ya nini?"

"Ukikwama humu ndani utampigia nani?"

"Ofisini kwenu. Namba imebandikwa ukutani."

"Ofisini hawapokei. Mimi napokea."

"Na nisipokwama?"

"Hapo ndipo napokea haraka zaidi."

Mzee mwenye kofia ya sufu akasema, "Mpe, binti, tupande." Akampa.

Kazini walimwita Bi Kiti. Lilikuwa jina la kejeli, na yeye alilivaa kama nishani. Wenzake wodini waliongea na wagonjwa wakiwa wamesimama, tena mlangoni, tena wakiwa wameshageuka: "Unaendeleaje, vizuri eeh? Haya." Yeye alivuta kiti. Matroni, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, alishamgombeza hadi akachoka. "Nina vitanda thelathini na viwili na wauguzi wanne! Ukikaa na kila mtu dakika tano, nani atachoma sindano?"

"Nikisimama nasikia nusu, Matroni. Halafu naitwa mara tatu kwa jambo lile lile."

"Mdomo huo utakuponza."

"Utaniponza kwa kusikiliza?" Matroni akavaa miwani ili amtazame vizuri, akaondoka zake.

Mapenzi nayo hayakuchelewa. Simu ilianza na salamu, ikaja ikawa haina saa.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai haitafunwi. Nakuja na bakuli."

"Utapita getini na bakuli? Mlinzi atadhani wewe ni ndugu wa mgonjwa."

"Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Mwambie nimekuja kwa sista wangu, moyo unaenda mbio."

"Unaenda mbio mara ngapi kwa dakika?"

"Ukiniuliza hivyo, mia na ushee."

Siku ya mapumziko alivaa gauni la manjano lenye marinda, na kwa kuwa kucha za mikono kazini haziruhusiwi rangi, alizipaka za miguuni nyekundu ya hasira. Fundi alikuja na shati jeupe, mikono ameisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka imekwaruzika, na bado mafuta ya mashine yalibaki chini ya kucha. Alimweleza kwamba lifti ikiumwa husema yenyewe: kelele za juu ni kamba, za chini ni breki. Shida ni mafundi wanaofungua kabla ya kusikiliza. Bi Kiti akamtazama kwa muda, akasema, "Kumbe tuko kazi moja." Siku hiyo ndiyo alimpenda kweli kweli, na hakumficha.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, mama yake Fundi akalazwa. Tena wodi ya Bi Kiti, kitanda cha tisa, kando ya dirisha. Mwalimu mstaafu, mwembamba, nywele za mvi zimesukwa mistari minne iliyonyooka. Kisukari kilikuwa kimemla kidole gumba cha mguu wa kushoto, na weusi ulikuwa umeanza kupanda. Fundi hakuwa amemtambulisha mchumba kwa mama. Alisema anangoja siku nzuri. Basi kwa Mwalimu, Bi Kiti alikuwa sista tu, na Fundi akiingia wodini alimwamkia kwa heshima kama mtu asiyemjua, na yeye alijikaza asicheke.

Siku ya tatu akafika Dada Mkubwa, yeye na suti yake na manukato yanayotangulia mlangoni. Alikuwa ndiye kichwa cha nyumba tangu baba yao afariki. Aliongea na daktari wa upasuaji kwenye korido, akarudi macho mekundu, akatoa amri. "Mama asiambiwe. Ana presha. Akisikia mguu unakatwa, anatufia hapo hapo kitandani. Mwambieni wanasafisha kidonda."

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake hadi akamwona mtoto.

Jumanne jioni, saa kumi, Bi Kiti alikuwa anaandaa faili kwa ajili ya upasuaji wa kesho yake asubuhi. Akafika kwenye fomu ya ridhaa. Mahali pa mgonjwa palikuwa patupu. Mahali pa ndugu, palikuwa na saini aliyoifahamu, yenye mkia mrefu kama waya uliokatika. Ile ile aliyoiona kwenye kadi ya siku yake ya kuzaliwa, chini ya maneno "wako wa daima." Akalifunga faili, akalifungua tena, saini ikawa pale pale.

"Sista," Mwalimu akaita. "Njoo kidogo."

Akaenda. Akavuta kiti.

"Kesho wananifanya nini?"

Sasa hapo nawaulizeni nyinyi. Kuna jibu rahisi mdomoni, limeshatengenezwa na familia nzima, na wala si yeye aliyelitunga. Aseme tu "kusafisha kidonda, mama, usiwe na wasiwasi," amalizie zamu, akutane na mpenzi wake getini. Nani angemlaumu?

"Wewe umeambiwa nini, Mwalimu?"

"Kusafisha kidonda. Lakini daktari asubuhi alinipima kwa kidole hapa." Akagusa chini ya goti. "Kidonda kiko kwenye kidole gumba. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, mwanangu. Kutoka kidole gumba hadi goti ni mbali."

Bi Kiti akanyoosha ukingo wa shuka.

"Mbona hunijibu?"

"Sitaki kukudanganya, na ningependa daktari akae hapa akueleze mwenyewe. Naomba nikamwite."

"Daktari yuko wapi saa hizi?"

"Chumba cha upasuaji. Atatoka baadaye."

"Na wewe uko hapa. Nakuuliza wewe. Wananikata mguu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wamepanga hivyo."

Mwalimu hakufa. Presha haikumchukua. Aligeuza uso dirishani, mikono ikakamata shuka, akakaa hivyo muda mrefu. Bi Kiti alikaa naye. Alimwona kidevu kikitetemeka na hakumwambia asilie.

"Sema lolote linalokuja," alisema mwishowe. "Hata matusi."

"Matusi nayajua mengi," Mwalimu akasema. "Nimefundisha darasa la saba." Kisha akalia, kilio cha chini, cha mtu aliyezoea kujizuia mbele za watu. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya shuka. "Nani alisaini?"

"Hilo iulize familia yako."

"Sawa. Basi waambie kesho sipelekwi popote."

Bi Kiti akachukua kalamu, akaandika kwenye faili kwa herufi kubwa zinazosomeka: Mgonjwa hajaelezwa upasuaji. Ameelezwa leo na muuguzi baada ya kuuliza. Amekataa kwa sasa. Akaweka jina lake na saa. Akampigia daktari simu chumba cha upasuaji, akaacha ujumbe. Kwa Matroni hakupiga. Kwa familia hakupiga. Kumbukeni hilo, maana hapo alikosea, na kukosea kwenyewe kulitokana na mkia wa ile saini. Alikuwa na hasira, na hakutaka kusikia sauti yao.

Simu ya Fundi ilimkuta nje ya geti, jua likiwa bado juu ya mapaa.

"Umefanya nini? Daktari kampigia dada, anasema mama amekataa!"

"Aliniuliza."

"Na wewe ukashindwa kunyamaza? Wewe bingwa wa kunyamaza? Daktari kasema kila siku ikipita sumu inapanda! Mama akifa je?"

Sasa sikilizeni kosa ambalo fundi cherehani hawezi kulifanya, wala mwanasheria, wala mtu mwingine yeyote ila muuguzi aliyeisomea kazi yake vizuri mno. Bi Kiti alivuta pumzi, akashusha sauti, akaongea naye kwa ile sauti ya wodini. "Nasikia una hofu kubwa. Hofu hiyo ina haki yake. Nieleze zaidi unavyojisikia."

Fundi akalipuka.

"Usiniuguze! Unanisikia? Usiniuguze! Mimi si kitanda cha tisa! Mimi ni mwanaume wako, gombana na mimi kama mtu!"

"Naona umekasi..."

"Ndiyo hiyo hiyo! Sauti ya mashine! Muombe dada radhi, mwambie mama ulikosea faili, yaishe. La sivyo usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Bi Kiti akabaki ameishika, watu wanampita na mifuko yao, na maneno yote ambayo angepaswa kuyasema yakaanza kumjia wakati huo, moja baada ya jingine, ya moto, na hakuna wa kumwambia.

Jumatano upasuaji haukufanyika. Dada Mkubwa alipanda hadi ofisini kwa Matroni, na sauti yake ikasikika hadi maabara. Saa sita Bi Kiti akaitwa. Kwenye meza kulikuwa na karatasi mbili: malalamiko ya familia, ambayo mtoto wa kiume alitakiwa kuyasaini kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa kama ndugu wa karibu, na barua ya kuomba radhi iliyokwisha kuchapwa, imebaki jina lake tu. "Nilitoa taarifa isiyo sahihi kwa mgonjwa," ndivyo ilivyoanza.

"Ijumaa saa nne," Matroni akasema. "Watakuja wote hapa. Ukisaini, unarudi wodini. Usiposaini na wao wakisaini ya kwao, jambo linakwenda juu, na huko juu mimi sina mkono. Utamwaga unga, mwanangu."

"Taarifa ilikuwa sahihi, Matroni."

"Najua ilikuwa sahihi! Nilikuwa muuguzi kabla hujazaliwa. Hadi Ijumaa utakuwa stoo ya mashuka."

Stoo ya mashuka ilikuwa chumba cha chini kisicho na dirisha, harufu ya sabuni na dawa ya madoa, rafu hadi darini. Kazi ilikuwa kukunja. Alikunja Jumatano yote. Alikunja Alhamisi asubuhi, akijiambia kwamba mama wa watu akifa, atakuwa yeye. Na akijiambia pia kwamba, hata hivyo, hasaini. Mambo yote mawili yalikaa kifuani na hakuna lililompisha mwenzake.

Alhamisi saa saba mlango ukafunguliwa. Fundi. Ovaroli yake, ndevu za siku mbili, macho ya mtu asiyelala.

"Wamemwingiza sasa hivi," alisema. "Mama. Yuko chumba cha upasuaji."

Bi Kiti akaacha shuka. "Amekubali?"

"Amesaini mwenyewe." Fundi akajiegemeza kwenye rafu. "Nilikwenda asubuhi kumbembeleza. Nimejaa maneno. Akaniambia, kaa. Nikakaa. Akasema, unakumbuka ulipokuwa darasa la tatu, uliniwekea saini kwenye ripoti ya shule? Nikasema nakumbuka. Akasema, hii ni mara ya pili." Akajipangusa uso kwa kiganja chenye mafuta. "Akasema, yule binti amenipa ukweli kwa neno moja. Wewe umenipa uongo siku nne, na machungwa juu."

"Halafu?"

"Halafu akasema alishaamua tangu jana. Alimwita daktari, akamuuliza maswali yote, mguu utaishia wapi, atasimama baada ya muda gani, ataoga vipi. Jana, laazizi! Sisi tunakimbizana na malalamiko, yeye ameshaamua. Nikamuuliza, sasa mbona hukutuambia? Akasema, nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniulize."

Fundi akageuzia uso kwenye rafu. Bi Kiti alimwona akihangaika, na mazoea ya miaka tisa yakamsukuma: msogelee, mwambie unamwelewa, subiri. Akayakataa.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize na mimi, maana hapa chini hakuna wodi! Mimi ndiye niliyefungua faili nikakuta saini yako! Yako! Siku nne unanipigia, laazizi, kipenzi, umekula, na hukusema kitu! Ulijua mimi ndiye nitakayemwandaa. Ulijua mimi ndiye nitakayeulizwa. Ukaniacha niende kumdanganya mama yako kwa mdomo wangu, halafu nije kuwa mkwe wake! Hukuogopa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Sema!"

"Niliogopa kumwona akilia!" Fundi naye akapaza. "Baba alipokufa alilia mwezi mzima, na mimi nilikuwa pale mlangoni na sikujua la kufanya. Dada akaniambia saini, hatajua, ataamka imekwisha. Nikaona afadhali. Nilikuwa mwoga, haya, ndiyo, mwoga!"

"Na juzi ukaniambia nisipige tena."

"Niliongea upuuzi."

"Ulinivunja moyo, bwana wewe! Nakupenda, na nilikuchukia! Nilikaa na simu getini kama mwehu!" Akamtupia shuka alilokunja, likamfunika uso na kumning'inia kichwani. "Na usiseme tena mimi nina sauti ya mashine!"

Kutoka chini ya shuka Fundi akasema, "Hiyo ya sasa si ya mashine. Hiyo nimeisikia hadi kwenye mifupa." Bi Kiti alitaka kuendelea kukasirika na akashindwa. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka machozi, akaachia yatoke. Fundi alilivua shuka, akamshika, na walikaa juu ya furushi la mashuka machafu kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini, mkono ndani ya mkono, hadi simu kutoka wodini ikalia kusema Mwalimu ametoka salama, ameamka, na ameomba miwani yake.

Msidhani yaliishia hapo. Ijumaa saa nne ilikuwa bado iko palepale.

Dada Mkubwa alikaa karibu na dirisha, saa ya dhahabu, miguu amekunja. Fundi alikaa mlangoni. Matroni akasukuma barua ya radhi mbele ya Bi Kiti, na kalamu juu yake.

"Kuna jambo nitaliomba radhi," Bi Kiti akasema, amesimama. Akamgeukia Dada Mkubwa. "Dada yangu, nilipaswa kuwapigia simu saa ile ile. Mlisikia kwa daktari, na mlisikia vibaya, na alikuwa mama yenu. Nilikuwa na hasira na nikawaadhibu kwa kunyamaza. Kwa hilo nisamehe."

Dada Mkubwa akatazama pembeni.

"Lakini barua hii sisaini. Inasema nilitoa taarifa isiyo sahihi. Mguu ni wake. Aliniuliza, nikamjibu. Mkinirudisha wodini kesho na mwingine akiniuliza, nitamjibu. Mkinifukuza, nitakwenda kuuza vitumbua, na mteja akiniuliza kama ni vya jana nitamwambia ni vya jana."

"Unaona?" Dada Mkubwa akamwambia Matroni. "Unaona kiburi? Mama angeweza kufa!"

"Angeweza," Bi Kiti akasema. "Hata mimi sikulala. Lakini asingekufa akiwa amedanganywa."

Matroni akauma meno, akasukuma karatasi ya pili kwa Fundi. "Basi haya ni malalamiko yenu. Saini hapo chini."

Fundi aliichukua kalamu. Aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Sisaini."

"Wewe!" Dada yake akasimama. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana, dada, na nilikuwa nakufuata kama ninavyokufuata siku zote. Saini yangu moja imeshaleta balaa nyumbani kwetu. Ya pili siitoi. Kama kuna wa kushitakiwa humu ni mimi."

"Kwa ajili ya mwanamke?"

"Kwa ajili ya mama. Huyu mwanamke nitamtetea mahali pengine, tena kwa sauti kubwa kuliko hii."

Dada Mkubwa akakamata mkoba wake. Alifika mlangoni, akasimama, na ghafla mabega yakamshuka. "Anaomba nimsuke," alisema bila kugeuka. "Mama. Asubuhi hii. Anasema wale wa upasuaji wamemharibia mistari." Akaenda zake kuelekea wodini, na viatu vyake havikulia kwa hasira kama vilivyolia alipokuja.

Matroni akakusanya karatasi zake. "Bila mlalamikaji sina kesi. Ila kutoniita mimi kwanza, hilo ni onyo, na linaingia kwenye faili lako."

"Hilo nasaini," Bi Kiti akasema, akasaini.

"Na saa hizi wodi ina wauguzi watatu."

"Nakwenda, Matroni."

Kwenye korido wafagizi walikuwa wanapiga deki, harufu ya dawa imejaa, watu wanaruka maji. Fundi akamkamata mkono katikati ya njia.

"Nioe," alisema, akajishika kichwa. "Yaani, nikuoe. Nimechanganyikiwa. Nilipanga maneno mazuri, yamenitoka yote."

"Mama yako hajui hata kama tunajuana."

"Anajua. Jana kaniambia, kila ukiingia yule binti anarekebisha kola, mnadhani sioni? Kasema niharakishe kabla hujapata mwenye akili." Akamshika na mkono wa pili. "Nakupenda. Nataka nyumba moja na wewe. Sema ndiyo."

Wafagizi wakaacha kupiga deki. Bi Kiti alimtazama, ndevu zake za siku tatu, ovaroli, macho yale ambayo juzi aliyachukia. Alimpenda kiasi cha kuogopa, na kwa sababu aliogopa, hakuliacha lililo moyoni lipite bila kusemwa.

"Nitaolewa na wewe. Lakini siku moja mimi nitalazwa. Wote tutalazwa. Siku hiyo, usinisainie chochote nikiwa nimelala. Usinifiche. Habari ikiwa mbaya, uje uniambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si daktari, si dada yako."

"Nitatetemeka," Fundi akasema.

"Tetemeka."

"Nitalia."

"Lia. Lakini niambie."

Fundi akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka mbele ya wafagizi wote, wala hakuyafuta.

"Nitakwambia," alisema.